Dabo besi: acha uzi wa D ukuongoze

Shingo ya dabo besi, ile ala kubwa ya nyuzi yenye sauti nzito, haina vyuma vya kugawa noti kama gitaa, kwa hiyo sikio ndilo linalokuonyesha pa kubonyeza. Vuta uzi wa D mtupu (bila kuubonyeza) kwa upinde, polepole, na papo hapo piga skeli (noti zinazopanda kwa mpangilio) kwenye uzi wa G ulio jirani. Noti ikipotoka kidogo tu utaisikia ikigombana na D. Kwenye noti za chini, karibu na kichwa cha besi, tumia vidole 1, 2 na 4 (cha 1 ni cha shahada, cha 4 ni kidogo). Cha tatu kinasaidia cha nne. (Mkono ukiuma sana, huenda nyuzi zimeinuliwa mno. Mpe fundi azishushe.)

Unataka kazi? Usichague kati ya upinde na kudonoa nyuzi kwa vidole. Anayesoma noti na kumudu vyote viwili anaitwa na okestra, na bendi ya jazi pia.