Jinsi ya kuchagua airisi zisizokuangusha kwenye bustani ya mboga na maua

Ukifungua katalogi ya airisi (iris), maua ya bustani, mwezi wa Juni utachanganyikiwa. Aina zilizosajiliwa ni makumi ya maelfu, na kila picha inakuita. Mimi kazi yangu ni kutunza bustani za watu huku Ohio, Marekani, na wateja wangu wengi ni jamaa zetu walionunua nyumba, wakaotesha mchicha, sukuma wiki na nyanya uani, kisha wakatamani maua. Swali lao huwa moja: ipi nzuri? Jibu langu huwakera kidogo, kwa sababu naanza kwa kuwauliza maji ya mvua ya paani yanamwagikia wapi.

Maua mazuri zote zinayo. Airisi ya kuaminika ni ile inayochanua kila mwaka bila kubembelezwa, isiyooza, ambayo bua lake halilali upepo ukivuma, na inayoongezeka hadi ukamgawia jirani. Sifa hizo huzioni kwenye picha, kwa hiyo jina la aina tunaliacha hadi hatua ya nne.

Hatua ya 1: Soma kiwanja chako

Mambo mawili tu: jua na maji. Airisi inataka jua kamili la saa sita au zaidi kwa siku. Chini ya hapo utapata majani mazuri na maua ya kuhesabu. Usipime jua mwezi wa Machi wakati miti ya jirani haina majani. Pima Mei au Juni.

Kwa maji, chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakishanyonywa lijaze tena. Kama maji ya mara ya pili bado yamesimama baada ya saa nne au tano, hapo pana mfinyanzi mzito, na udongo wa namna hiyo ndio uliojaa sehemu kubwa ya Ohio. Si mkosi. Ila usipande airisi za ndevu hapo kabla ya kuinua tuta.

Hatua ya 2: Chagua kundi kabla ya jina

Airisi za ndevu ndizo zinazojulikana zaidi. Zimeitwa hivyo kwa sababu ya manyoya mafupi yaliyojipanga juu ya petali tatu za chini. Zinaota kutoka kwenye tunguu nono linalolala juu ya ardhi, kama tangawizi. Tunguu hilo linahifadhi chakula na maji, linapenda kuchomwa na jua mgongoni, na linachukia kulala kwenye tope. Mahali pakavu, penye mteremko au tuta, kando ya njia ya saruji: hapo ndipo pake.

Airisi za Siberia hazina ndevu, majani yake ni membamba, na mizizi yake inapenda unyevu na udongo wenye asidi kidogo. Nikiambiwa nichague kundi moja tu kwa mtu asiye na muda, nachagua hili. Majani hubaki masafi hadi vuli, haliozi ovyo, na unaweza kuliacha miaka mingi bila kuligawa. Lipande pale maji ya paani yanapotokea, lakini yasipotuama.

Kwa mahali penye maji karibu mwaka mzima, tafuta airisi za Louisiana. Za Kijapani ni tukufu, maua mapana kama sahani, ila zinataka udongo wa asidi na maji mengi kabla ya kuchanua; anayeanza aziache kwanza.

Onyo moja hapa. Kuna airisi ya njano ya majini, Iris pseudacorus, ambayo mtu atakupa bure kwa furaha kubwa. Ikatae. Inavamia mito na mabwawa, na majimbo kama Massachusetts na Washington yamepiga marufuku kuiuza.

Wasomaji walioko nyumbani Afrika Mashariki nao huuliza. Airisi za ndevu zinahitaji kipindi cha baridi ili zichanue vizuri, kwa hiyo Mombasa au Dar es Salaam msijisumbue nazo. Mnayo Dietes, ya ukoo huohuo wa airisi. Dietes iridioides ni mmea wa asili wa Afrika, kuanzia Afrika Kusini hadi Kenya na Ethiopia: maua meupe yenye alama ya njano na zambarau, na inavumilia ukame kuliko airisi yoyote ninayoitunza huku.

Hatua ya 3: Panga urefu na miezi

Airisi za ndevu zimegawanywa kwa urefu. Fupi za kawaida ni kama sentimita 20 hadi 38, za kati hufika takriban 70, na ndefu huvuka hapo, nyingine hadi mita nzima. Urefu unakwenda na wakati: huku Ohio fupi huanza mwishoni mwa Aprili, za kati hufuata mapema Mei, ndefu katikati ya Mei hadi Juni mwanzoni, kisha Siberia huzipokea. Ukinunua ndefu peke yake, utakuwa na wiki mbili au tatu za sherehe, halafu basi. Ukichanganya makundi matatu unapata zaidi ya mwezi.

Jambo ambalo katalogi halisemi kwa sauti: ndefu ndizo zinazoanguka. Ua limejaa maji ya mvua, bua lina mita moja, dhoruba ya Mei inapita, asubuhi unakuta yote yamelala. Kwenye kiwanja cha upepo nunua za kati. Maua yake ni madogo kidogo, lakini yanasimama.

Hatua ya 4: Sasa majina

Kanuni yangu ni kuanza na aina zilizokwisha kukaa bustanini mwa watu miaka 20 na kuendelea. Aina mpya ya mwaka huu inaweza kuuzwa hata dola 50 au zaidi kwa tunguu moja, na bado hakuna anayejua itafanyaje kwenye mfinyanzi wako. Ya zamani inauzwa bei ya sahani ya wali, na kama ingekuwa dhaifu ingekuwa imeshapotea sokoni.

Kipimo cha pili ni medali ya Dykes, tuzo kuu ya airisi, iliyopewa jina la Mwingereza William Rickatson Dykes, mtaalamu wa airisi aliyefariki mwaka 1925. Marekani hutolewa kupitia American Iris Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1920. Kinachonivutia si heshima yake. Ua haliipati medali hiyo mwaka lililoingia sokoni: lazima lipande ngazi za tuzo ndogo kwa miaka kadhaa, likitazamwa na waamuzi wa mikoa tofauti. Kwa hiyo mshindi ameshaonja baridi ya wengine kabla ya kuonja ya kwako.

Hizi ndizo ninazozipanda kwa wateja bila wasiwasi. Katika ndefu, 'Dusky Challenger' ya mwaka 1986, zambarau iliyoiva karibu na nyeusi, medali ya 1992. Ilitoka kwa familia ya Schreiner, wakulima wa Salem, Oregon, na kwa miaka mingi iliongoza kura za wanachama wa chama hicho. Vitumba vyake ni vingi kwa bua moja, kwa hiyo inachanua muda mrefu. 'Stepping Out', pia ya Schreiner, ni nyeupe yenye pindo la zambarau. Ilipata medali mwaka 1968 na bado inazisumbua aina mpya. 'Beverly Sills' ni ya waridi-matumbawe, medali ya 1985, na hufanya watu wanaopita wasimame. Uingereza utasikia sana 'Jane Phillips', bluu hafifu, yenye harufu tamu.

'Immortality' nyeupe, ya mwaka 1982, naipa aya yake. Ni kazi ya Lloyd Zurbrigg, aliyetafuta maisha yake yote airisi zinazochanua mara mbili kwa mwaka. Inachanua Mei, na ukiipa maji kidogo Julai na Agosti, inarudi Septemba au Oktoba wakati nyanya zimeshakata tamaa. Usiwaamini wanaokuambia kila airisi ya "kurudia" hurudia. Nyingi hurudia California tu. Hii inarudia hata penye baridi kali.

Katika fupi chukua 'Baby Blessed', njano hafifu, pia ya Zurbrigg. Katika za kati, 'Rare Edition' yenye zambarau na nyeupe, au 'Batik', ambayo kwa urefu ni ya kati ila huchanua pamoja na ndefu, na michirizi yake haifanani ua kwa ua.

Siberia ni rahisi: 'Caesar's Brother', zambarau iliyokolea, iko sokoni tangu mwaka 1932. Aina ya umri huo haihitaji mimi kuitetea. Ukitaka njano na nyeupe, 'Butter and Sugar', ya Currier McEwen, daktari wa magonjwa ya viungo wa New York aliyegeukia maua. Kwa penye maji, 'Black Gamecock' ya Louisiana.

Kwa bustani ndogo aina tano zinatosha: mbili ndefu, moja ya kati, moja fupi, moja ya Siberia. Usinunue kumi na mbili kwa tunguu mojamoja; zitaonekana kama nguo zilizoanikwa.

Hatua ya 5: Nunua tunguu, usinunue picha

Airisi za ndevu hununuliwa Julai hadi Septemba, zikiwa zimeng'olewa na majani yamekatwa. Katika miezi hiyo vilabu vya airisi vya mitaa huuza matunguu ya wanachama kwa bei nafuu, na huyo anayekuuzia amelima hukohuko kwako. Mwulize ipi imemsumbua. Atakuambia kwa raha.

Lishike tunguu mkononi. Liwe gumu na zito. Libonyeze kwa kidole gumba pande zote, hasa chini: likibonyea au likinuka uvundo, rudisha. Tundu lolote ni alama ya bungua, kiwavi anayekula tunguu (tazama hatua ya 7). Mizizi kukauka si shida.

Mtandaoni kuna watu wanauza mbegu za airisi nyekundu kama moto au bluu ya kung'aa. Ni utapeli. Nyekundu ya aina hiyo haipo kwenye airisi. Kuna ya matofali na ya damu ya mzee, basi. Tena mbegu hazitoi ua la mama yake, jina la aina huhamishwa kwa tunguu pekee.

Hatua ya 6: Ipe nafasi yake kati ya mboga

Inua tuta la sentimita 15 kama udongo ni mzito. Lichongee mgongo katikati, kalisha tunguu juu ya mgongo huo, tandaza mizizi kushoto na kulia, fukia mizizi na uache mgongo wa tunguu ukionekana. Mwelekeo wa majani ndio mwelekeo litakaokulia, basi usilielekeze njiani. Acha sentimita 30 hadi 45 kati ya moja na nyingine. Mwagilia mara moja vizuri, kisha subiri udongo ukauke.

Iweke mbali kidogo na mboga kwa sababu tatu. Samadi na mbolea yenye naitrojeni nyingi, inayofurahisha sukuma wiki, hulainisha tunguu likaoza. Maji ya kila siku ya nyanya yatafanya hivyohivyo. Na mboga zinazotambaa, maboga hasa, hufunika matunguu Julai nzima, wakati yanajenga maua ya mwaka ujao. Nyanya ziwe nyuma, airisi ukingoni, katikati weka vitunguu majani au thaimu. Mchicha unaojiotea humo ung'oe ungali mdogo. Za Siberia hazina deko hilo, zinaweza kukaa karibu na mboga.

Kama unaotesha tangawizi au manjano, hata kwenye ndoo, ziweke upande mwingine kabisa wa uwanja. Tunguu la airisi likioshwa linafanana nazo, na likiliwa huunguza mdomo na kuleta matapishi na kuhara. Waambie watoto, na mwambie bibi aliyekuja kutembea.

Hatua ya 7: Bungua

Mashariki mwa milima ya Rocky adui ni mmoja: bungua wa airisi, mtoto wa nondo Macronoctua onusta. Mayai hulala majira ya baridi kwenye majani makavu, hivyo fagia majani yote ya airisi mwishoni mwa vuli na uyatupe nje ya bustani, si kwenye mboji.

Viwavi hutoka Aprili na kupanda majani. Mwezi wa Mei tazama ukingo wa jani: utaona vijino vilivyong'atwa, na mstari uliolowa kama jani linatoa jasho. Kiwavi yumo humo ndani, mwembamba kama uzi mnene. Shika jani kati ya kidole gumba na cha shahada juu ya mstari huo, ubane, teremsha hadi chini. Utamsikia akipasuka. Ukimkosa, kufikia Julai ameshaingia tunguuni, mnene, wa rangi ya waridi, kichwa cha kahawia, na nyuma yake inafuata kuoza kwenye harufu usiyoisahau. Hapo ng'oa, kata hadi nyama nyeupe ngumu, acha lidonda likauke juani siku moja mbili, panda tena.

Hatua ya 8: Jina lisipotee

Za ndevu gawa kila baada ya miaka mitatu au minne, Julai au Agosti, kabla fungu halijabanana na kuacha kuchanua. Siku hiyo ndiyo majina hupotea, maana matunguu yote yanafanana. Kabla ya kuchomeka uma ardhini, andika jina kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya jani lenyewe. Lebo ya kudumu iwe kibati cha alumini, na uandike kwa penseli: wino hufutwa na jua, penseli haifutiki.