Riwaya ya mapenzi ya vijana na mtu-mbwamwitu: anza na kalenda

Kabla hujampa mhusika jina, chora kalenda. Riwaya za namna hii, ambamo msichana anampenda kijana anayegeuka mbwa mwitu mwezi ukiwa mpevu, huanza kuyumba pale mwezi mpevu unapochomoza kila mwandishi anapouhitaji, na wasomaji wake ni vijana wanaohesabu siku bila huruma.

Kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni takriban siku 29 na nusu. Andika siku ya 1 hadi ya 90 kwenye daftari, kisha zungushia duara ya 10, ya 39 na ya 69. Hiyo ni miezi mipevu mitatu, na inatosha kitabu kizima. Siku ya 10 msichana anaona kitu asichokielewa. Siku ya 39 anajua. Siku ya 69 lazima aamue, na siku 21 zinazobaki ni za kulipia uamuzi wake. Matukio ya mapenzi yaweke siku tatu au nne kabla ya kila duara, wakati kijana ameanza kunusa hofu ya watu na hasira zake ziko karibu. Ukiyaweka katikati ya duara moja na jingine, mahali salama, watakaa wakipiga soga tu.

Angalia anga pia. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, huwa juu kabisa karibu na usiku wa manane, na hutua kunakopambazuka. Basi usiandike kwamba wapenzi walikaa gizani hadi saa nne usiku ndipo mwezi mpevu ukachomoza. Ukihitaji giza kwanza, sogeza tukio usiku mmoja au mbili mbele: kila siku mwezi huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Lakini hapo uwe umeshaamua kama anageuka usiku mmoja tu au mitatu.

Maamuzi hayo yaandike kwenye ukurasa mmoja usiovunjwa. Amezaliwa hivyo au aliumwa? Akirudi kuwa mtu, anakumbuka? Jeraha la mnyama linabaki mwilini mwa mtu? Kijana wa kilo 65 akigeuka mnyama wa kilo 300, hiyo nyama imetoka wapi? Na nguo! Asipozivua mapema zitachanika, na alfajiri atasimama uchi mbele ya mpenzi wake, sura uliyokusudia iwe ya machozi igeuke kichekesho. Mfuko wa nguo uliofichwa kwenye shina la mti hutatua hilo, tena ni ushahidi mzuri wa kuokotwa na msichana kabla hajajua lolote.

Sura zinazosimuliwa na mnyama mwenyewe ziongozwe na pua. Jamii ya mbwa huona vizuri bluu na njano, ila nyekundu na kijani huwachanganya. Damu basi aisikie kwa harufu. Wekundu wake mwachie msichana.

Sasa kundi. Dume katili anayetawala kwa meno limechosha, na msingi wake ni dhaifu. Picha hiyo ilitokana na uchunguzi wa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja, uliochapishwa na mtafiti Rudolph Schenkel mwaka 1947. L. David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu ambaye kitabu chake cha 1970 kilisaidia kulieneza neno alfa, yaani mtawala wa kundi, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Kwa riwaya ya vijana hii ni zawadi: anayezuia penzi awe mama, mwenye sababu nzuri, anayemjua mwanawe kuliko msichana anavyomjua. Ni vigumu kumchukia, na hapo ndipo mvutano ulipo.

Mtego mkubwa zaidi ni wenzi wa majaaliwa, wale waliopangiwa tangu kuzaliwa. Wasomaji wanaupenda, kwa hiyo huna haja ya kuutupa, ila usiuache ufanye kazi ya moyo. Mvuto wa damu umfanye kijana ajue msichana yuko wapi. Usimpe haki ya kumfuata. Msichana aweze kukataa, na akatae angalau mara moja kwa dhati, kijana aondoke. Wote wawili wawe na umri mmoja, 16 au 17. Kiumbe wa miaka 200 akijifanya mwanafunzi hatabeba hadithi hii.

Kwa urefu, lenga maneno 70,000: sura 30 zenye maneno 2,300 hivi kila moja. Mageuzi ya kwanza yaonekane kabla ya sura ya 8, maana jalada limeshatoboa siri na msomaji hatavumilia kurasa 150 za kukisia anachokijua.

Rasimu ikiisha, isome mara moja ukitafuta tarehe tu. Pembeni mwa kila sura andika namba ya siku na hali ya mwezi. Sura isiyokubali namba huwa ndiyo inayovunja sheria zako. Rekebisha hiyo kwanza, kabla hujagusa lugha.