Mizani Imeganda na Njaa Haiishi: Namna ya Kujikwamua Hatua kwa Hatua

Nafanya kazi ya ushauri wa lishe hapa Pemba, na wengi wanaonijia wana kisa kinachofanana. Miezi mitatu ya mwanzo kilo sita au saba zilitoka bila ya shida kubwa, kisha mizani ikaganda. Mkate wa boflo ukaachwa, chakula cha usiku kikafutwa, na bado mizani haikutikisika. Kilichoongezeka ni kizunguzungu, hasira za karibu, na njaa ya saa nne za usiku inayomwinua mtu kitandani kwenda kufunua sufuria. Mtu huyu huja kwangu akitaka nimwambie apunguze nini tena. Mimi humwambia asipunguze chochote mpaka tujue amekwama kwa sababu gani, kwa kuwa sababu ziko zaidi ya moja na dawa zake hazifanani.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba umekwama kweli

Jipime kila asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya kunywa chochote. Mizani ikae juu ya sakafu ngumu, si juu ya busati wala mkeka. Andika uzito wa siku 7, ujumlishe, ugawe kwa 7, kisha ulinganishe wastani wa wiki hii na wa wiki iliyopita, na usihangaike na namba ya siku moja. Ukila ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, usiku, chumvi yake itashika maji na asubuhi unaweza kuonekana umeongezeka kilo nzima ambayo si mafuta hata kidogo. Kwa wanawake, siku za kukaribia hedhi hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo linganisha wiki hiyo na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, mara moja kwa wiki.

Kama wastani haukusogea kwa wiki 4 na kiuno nacho kimebaki pale pale, basi umekwama. Kama kiuno kinapungua, hukukwama. Endelea na ulilokuwa ukilifanya.

Hatua ya pili: Pita kituo cha afya

Uchovu hautokani na chakula kidogo pekee. Omba upimwe wingi wa damu, sukari na shinikizo la damu, na daktari akiona haja, tezi ya shingoni pia, kwa kuwa tezi hiyo ikizembea mtu huchoka, husikia baridi na uzito hugoma kushuka. Mwanamke aliyechelewa siku zake apime ujauzito. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asibadilishe mlo kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu chakula kikipungua na dawa ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka hadi mtu akapoteza fahamu. Ukionekana una upungufu wa damu, pamoja na matibabu utakayopewa, acha kunywa chai pamoja na chakula. Isubirishe saa moja au mbili, kwani chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri.

Hatua ya tatu: Andika sufuria, si sahani

Chukua daftari na kwa siku 7 uandike kila kinachoingia mdomoni, pamoja na kile cha kuonja jikoni na kipande cha mkate alichokibakisha mtoto. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi na wateja wangu.

Mama mmoja wa upande wa Wete aliniletea daftari la kupendeza: wali kidogo, mchuzi, mchicha, chai. Nilimwomba anieleze sufuria badala ya sahani. Akaniambia kwamba kwa watu sita wa nyumbani kwake hukuna nazi mbili, kasimile, yaani tui zito la kwanza, huiweka kando ya kumalizia mchuzi, na tui la pili na la tatu huingia kwenye wali na mchicha. Nyama ya nazi moja ya wastani ina takriban kalori 1,400. Tukakadiria kwamba theluthi moja ilibaki kwenye machicha, yaani makapi ya nazi, yanayokwenda kwa kuku. Kilichobaki, kikigawiwa watu sita, ni kalori zipatazo 300 kwa kila mmoja, na hatujagusa mchele wala mafuta ya kukaangia kitunguu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta hayo ni kalori 120. Chai yake ni vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vidogo vitatu vya sukari: vijiko 12, karibu kalori 190.

Nikamuuliza kuhusu samaki. Akacheka. Samaki wa katikati ni wa bwana na watoto, yeye hutosheka na mkia na mchuzi. Kwa hiyo kalori alikuwa akizipata za kutosha kuuzuia uzito usishuke, lakini zilikuwa za mafuta na sukari, na kile kinachoshibisha na kulinda misuli hakikumfikia. Ndiyo maana alikuwa na njaa huku mizani imesimama, na mwenyewe akijiona ana laana.

Sikuwahi kumwambia aache nazi. Mwenye kumkataza Mpemba nazi atabaki na ushauri wake.

Daftari likishajaa, njia hugawanyika. Kama limeonyesha vitu ulivyokuwa huvihesabu, kama yule mama, ruka hadi hatua ya tano. Kama ni kweli umekuwa ukila kidogo sana kwa miezi, unasikia baridi, unachoka kupanda ngazi na unaota chakula, usiruke hatua ya nne.

Hatua ya nne: Pumzisha mwili kwa wiki 2

Mwili uliopungua unahitaji nishati kidogo kuliko ulipokuwa mzito, na juu ya hayo hujifunza kubana matumizi: homoni ya leptini, inayouambia ubongo kwamba akiba ipo, hushuka, ghrelini, inayoamsha njaa, hupanda, na mtu hupunguza harakati zake bila ya kujua. Aliyekuwa akienda sokoni kwa miguu anasubiri daladala, na aliyekuwa akifagia uani anamwita mtoto. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, la mwaka 1944 hadi 1945, wanaume 36 wenye afya walilishwa chakula pungufu kwa wiki 24. Walipoteza takriban robo ya uzito wao, na walichoka, walisikia baridi na fikra zao zote zikahamia kwenye chakula, hata baadhi yao wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi. Hao hawakuwa watu wazembe. Njaa yako nayo, ukiwa umejibana kwa muda mrefu, si udhaifu wa imani.

Kwa hiyo, kwa siku 14, ongeza kalori kama 300 juu ya kile ambacho daftari limeonyesha unakula. Hizo ni kama kikombe kimoja cha wali mweupe uliopikwa pamoja na ndizi mbivu moja, au viazi vitamu viwili vya wastani pamoja na yai. Ziongeze kwenye milo yako ya kawaida, na usizifanye ruhusa ya kwenda kumaliza urojo na kachori barazani.

Uzito utapanda kilo moja au mbili katika siku za mwanzo, na hapa ndipo wengi wanapotishika na kurudi nyuma. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini huwekwa pamoja na maji, kiasi cha gramu 3 za maji kwa kila gramu 1 ya wanga. Akiba hiyo inapojazwa, mizani hupanda. Iandike namba, ufunge daftari. Ikiwa kufikia siku ya kumi unalala vizuri na njaa ya usiku imelegea, ujue ulikuwa unayahitaji mapumziko hayo.

Hatua ya tano: Panga upya mlo, uanze na protini

Anayepunguza uzito hufaidika na gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, isipokuwa mwenye maradhi ya figo, ambaye kipimo chake atapewa na daktari. Kwa mtu wa kilo 80, kiwango cha chini ni gramu 96. Huonekana nyingi, lakini tuzitandaze: asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, gramu 12, na glasi ya mtindi usiotiwa sukari, gramu 8, mchana kipande cha jodari aliyepikwa cha gramu 150, kama gramu 40, alasiri bakuli la choroko, gramu 14, usiku pweza wa kuchemsha au dagaa, gramu 25. Zimetimia 99. Samaki akiwa adimu wakati wa upepo mkali, kunde na mbaazi zishike nafasi yake, mradi bakuli liwe kubwa zaidi.

Asubuhi ndiyo yenye kasoro kubwa kwetu. Chai ya sukari na maandazi mawili haimfikishi mtu saa tano. Weka yai kwanza, kisha andazi moja kama humudu kuliacha.

Vyakula vya kuchemsha vya asili yetu vinashibisha kuliko inavyosemwa. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney wa mwaka 1995 uliolinganisha shibe ya vyakula 38 vya kalori sawa, viazi vya kuchemsha ndivyo vilivyoongoza. Kiazi hicho hicho kikikaangwa ni habari nyingine.

Nazi iwepo, lakini moja badala ya mbili, na kasimile iende kwenye mchuzi peke yake. Wali upikwe kwa tui la mwisho au kwa maji. Na kwa wanaokula pamoja kwenye sinia, ambako hakuna ajuaye amekula kiasi gani, pakua sehemu yako kwenye sahani kwanza, kisha ukae na wenzako kama kawaida. Siku mbili watakutania, siku ya tatu watazoea. Kuhusu upawa, upime mara moja tu kwa kikombe ili ujue wako unabeba kiasi gani, kwa kuwa upawa wa nyumba hii si wa nyumba ile.

Hatua ya sita: Usingizi na harakati

Katika jaribio moja la Chicago lililochapishwa mwaka 2004, vijana 12 walilazwa saa 4 kwa siku mbili, na ghrelini yao ikapanda kwa asilimia 28 ikilinganishwa na walipolazwa saa 10. Kwa hiyo kama unakesha na simu hadi saa saba za usiku, nusu ya njaa unayonilalamikia sitaitibu kwa chakula. Tembea dakika 30 baada ya Alfajiri au jioni, na mara mbili au tatu kwa wiki ufanye kazi ya kukaza misuli: kukaa na kusimama kwenye kiti mara 10, kujisukuma ukutani, kunyanyua madumu ya maji. Wakati wa zile wiki 2 za mapumziko usijichoshe, kutembea kunatosha.

Hatua ya saba: Punguza tena, kidogo

Sasa toa kalori 250 hadi 300 kwa siku, na uzitoe kwenye sukari, mafuta na vya kukaanga, si kwenye samaki wala kunde. Yule mama wa Wete alitoa vijiko 8 vya sukari na nusu ya nazi, akaanza kula samaki wa katikati kama wengine, na katika wiki ya tatu wastani wake ukaanza kushuka, nusu kilo kwa wiki mbili. Alilalamika kwamba ni kidogo. Lakini halali tena na njaa.

Subiri wiki 4 kabla ya kubadilisha chochote. Mwezi wa Ramadhani ukikukuta katikati, lenga kuulinda uzito ulipo tu: daku liwe na yai na kunde, kaimati, vile vidonge vya unga vya kukaanga na kutiwa shira, zihesabiwe, na upunguzaji uanze tena baada ya sikukuu. Uchovu ukibaki vile vile hata baada ya kula na kulala vya kutosha kwa mwezi mzima, rudi kituoni na daftari lako mkononi, umwonyeshe daktari.