Dagaa Wanunuliwe Wakati wa Giza

Kwa familia ya Unguja au Pemba inayonunua kitoweo kila siku, njia moja ya kupunguza matumizi ni kufuata mwezi. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri zaidi kunapokuwa na giza. Mbalamwezi ikishamiri, wavuvi wengi hupumzika, dagaa huadimika na bei hupanda. Inafaa basi kununua wakati wa giza, tena kwa ndoo badala ya fungu, na ndoo ikiwa nyingi kwa nyumba moja, majirani wawili wanaweza kuchangiana.

Kazi kubwa ni kuwakausha. Wachemshwe kwa dakika chache katika maji ya chumvi, kisha watandazwe juu ya wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, kwa sababu dagaa aliyeanikwa mchangani husaga meno hata akioshwa mara ngapi. Wageuzwe mchana, na waingizwe ndani kabla ya umande kuanguka. Aliyekauka sawasawa hukatika kwa mlio akikunjwa, ilhali anayepinda bado ana maji na ataota ukungu, na mmoja wa namna hiyo hutosha kuwaharibu wenzake. Wapoe kabisa ndipo watiwe katika chombo chenye kifuniko.

Wakati wa masika sishauri kununua wengi, kwani jua la siku hizo halitegemeki. Kwa mchuzi, tui la nazi na embe mbichi vinatosha. Nguru asubiri wageni.