Blanketi la mtoto kwa vipande vya kitenge

Fua vitenge vyote kabla ya kukata, kila kimoja peke yake. Kitenge kipya hurudi kikilowa, na chekundu huchuja; ukiruka hatua hii, blanketi litajikunja na vipande vyeupe vitageuka waridi.

Kata miraba 120 ya sm 12 kwa 12, ukifuata uzi wa kitambaa. Panga sakafuni safu 12 za miraba 10, waite wenzako waangalie rangi, kisha unganisha ukiacha sm 1 ukingoni. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: mshono ukiingia ndani milimita 1 tu, kila kiungo kinakula milimita 2, na safu yenye viungo 9 inapungua karibu sm 2. Bandika utepe kwenye cherehani, sm 1 kutoka sindano, uwe mwongozo.

Laza kwa pasi mishono ya safu ya kwanza kulia, ya pili kushoto, isirundikane inapokutana. Tandika bitana chini, juu yake blanketi jembamba lililokwishafuliwa, kisha viraka. Choma pini kila sm 15 ukianzia katikati, la sivyo bitana itafanya mikunjo. Pitisha cherehani juu ya viungo, malizia kwa utepe wa kitenge pembeni.