Kupima ubongo wa mwenye skizofrenia anapotazama sura

Mtu akioneshwa sura, kama milisekunde 170 baadaye ubongo hutoa wimbi hasi la umeme liitwalo N170. Kwa wengi wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili, wimbi hilo huwa dogo. Lakini jasho, nywele na elektrodi (kidude cha kunasa umeme wa ubongo kichwani) iliyolegea navyo huliharibu, basi usiusingizie ugonjwa mambo ya maabara.

Anza na nywele, tena kwa simu siku mbili kabla: kichwa kioshwe, kisipakwe mafuta. Elektrodi muhimu, P7, P8, PO7 na PO8, hukaa nyuma ya masikio, juu kidogo, palepale weaving inaposhonewa. Weaving na wigi vitoke. Twende kilioni haisumbui sana. Jeli hupenyezwa kwenye njia za msuko kwa sindano butu. Ukinzani kati ya elektrodi na ngozi ushuke chini ya kiloomu 5.

Joto la Dar ni adui wa pili. Washa kiyoyozi nusu saa kabla. Ukiona mistari inapanda na kushuka taratibu kama maji kujaa na kupwa, hilo ni jasho: simama, mpanguse, mpoze. Kichujio kikali kitaunyoosha mstari, ila kitalipinda na wimbi lenyewe. Kifaa na kompyuta vitumie betri. Unakwepa mvumo wa hezi 50 wa umeme wa ukutani, na umeme ukikatika hupotezi kazi.

Tumia sura za Kiafrika asizozijua. Sura za kigeni humpa tabu hata mzima. Picha ziwe nyeusi na nyeupe, mwanga sawa: sura 80, magari 80 ya kulinganishia, kila moja milisekunde 300, kisha skrini tupu kwa milisekunde 1000 hadi 1400. Weka nukta panapotokea katikati ya macho, maana wagonjwa wengi hukwepa kutazama macho, nawe utajikuta unapima pa kutazama tu. Kazi yake iwe kubonyeza akiona picha ya kipepeo iliyochanganywa humo. Kutaja kama sura ina hasira au hofu kuwe na duru yake.

Andika dawa na dozi. Kumwachisha mtu dawa kwa ajili ya kipimo, hapana.

Kwenye uchambuzi, rejea, yaani kipimo ambacho kila elektrodi hulinganishwa nacho, iwe wastani wa elektrodi zote. Ukitumia mfupa wa nyuma ya sikio N170 itasinyaa, kwa kuwa uko jirani nayo. Chuja ubakize hezi 0.1 hadi 30, pima kati ya milisekunde 130 na 200. Kisha tazama P100, wimbi linalotangulia. Likiwa dogo nalo, huenda hitilafu imeanzia kwenye kuona, kabla ubongo haujaitambua sura. Kapime macho yake kwanza.