Anza na mdomo: kuwatambua minyoo wa udongo, kutoka shamba la Hombolo hadi kwenye slaidi

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sasa huo udongo wangu unaubeba wa nini?"

Nilikuwa nimepiga magoti pembeni ya mzabibu, Hombolo, Dodoma, kijembe mkononi. Nikamwambia humo ndani mna minyoo, nataka kuwajua ni akina nani. Akachota kiganja kizima, akauchambua kwa kidole, akanitazama: "Mbona sioni hata mmoja?" Hakukosea. Minyoo hao, yaani nematodi, wengi wao hawafiki hata milimita moja, na miili yao inapenya mwanga kama kioo. Kiganja kama kile huweza kubeba mamia.

Nitaeleza ninavyofanya mimi, kuanzia shimo hadi jina. Kosa la karibu kila anayeanza, na langu pia kwa muda mrefu, ni kuwahi jina kabla ya kutazama mdomo.

Hatua ya 1: Kuchukua udongo

Usichimbe chini ya mmea uliokwisha kufa. Minyoo wanaokula mizizi hapo chakula kimewaishia, utawakuta wachache kuliko unavyodhani. Chimba pale penye mimea inayodhoofika, mpakani mwa eneo baya na zima. Pita shambani kwa zigizaga, chukua sehemu 15 hadi 20, uchanganye ndani ya ndoo, kisha utoe kama kilo moja pamoja na mizizi laini. Kwa nyanya, mtama au karanga, kina cha sentimita 10 hadi 30 kinatosha. Mzabibu unadai ushuke zaidi, hata nusu mita.

Mfuko wa plastiki, uandike kwa nje: shamba, zao, kina, tarehe. Ukiweka karatasi ndani, iandike kwa penseli. Kisha uepushe na jua. Nimewahi kuacha mfuko juu ya dashibodi ya pikapu, mwezi wa Oktoba, saa mbili tu. Nilichokipeleka maabara kilikuwa supu.

Kiangazi chetu kina jambo lake. Mvua zikikatika mwishoni mwa Aprili, udongo mwekundu wa kichanga hukauka hadi unatoka vumbi, na minyoo wengi hupoteza karibu maji yote ya mwilini, wakajikunja kama kamba iliyozungushwa, wakalala. Hawajafa. Mvua ya kwanza ya Desemba inawaamsha. Kwa hiyo sampuli ya kiangazi nainyunyizia maji kidogo na kuiacha kivulini siku mbili kabla ya kuendelea. Usipofanya hivyo utaandika kwamba shamba ni safi, na mwenye shamba atapanda nyanya.

Hatua ya 2: Kuwatoa kwenye udongo

Huhitaji mashine. Chukua beseni la plastiki, ndani yake weka kikapu au chujio pana la jikoni lililoinuliwa kidogo lisiguse chini. Tandika tishu mbili, mwaga mililita 100 za udongo uliokwisha kuvunjwa mabonge, usambaze uwe mwembamba. Mimina maji taratibu pembeni hadi udongo ulowe kwa chini bila kuelea. Funika, ondoka. Baada ya saa 24 hadi 48 minyoo watakuwa wamepenya tishu na kuzama kwenye beseni. Toa kikapu, pitisha maji kwenye chujio la matundu ya maikromita 38 au madogo zaidi, uwasukume kwa maji machache kwenye bilauri.

Njia hii inapendelea wanaotembea. Wazito na wavivu, kama jamii ya Criconema wenye pingili nene mwilini, hawatoki. Xiphinema na Longidorus ni warefu, nao hupata shida kupita kwenye tishu. Hao watafute kwa kukoroga udongo kwenye ndoo ya maji, kuacha mchanga utulie sekunde chache, na kumimina maji ya juu kwenye machujio. Kwa shamba la zabibu nafanya njia zote mbili.

Mizizi usiitupe. Ikatekate vipande vya sentimita moja, uiweke kwenye sahani yenye maji kidogo, uiangalie kila siku kwa siku tatu. Pratylenchus, walao mizizi, wengi wanaishi humo, udongoni utawakuta wachache.

Hatua ya 3: Kuwatazama wakiwa hai, kisha kuwaua kwa joto

Kwa ukuzaji wa mara 40 hesabu kwanza, huku ukiangalia mwendo. Kuna wanaojirusha kama mjeledi, wengi wao wala bakteria. Wenye sindano mdomoni huenda polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufika.

Kisha chukua maji ya moto ya chupa ya chai, yapoze hadi nyuzi 60 au 65, uzamishe kijichupa chenye minyoo kwa dakika mbili. Joto kali zaidi linawaivisha, dogo zaidi linawaacha wakijipinda. Usiharakishe, kwa sababu mkao wa kifo ni alama. Helicotylenchus hufa amejizungusha kama chemchemi ya kalamu. Pratylenchus hulala karibu amenyooka. Jike changa la Rotylenchulus hufa na umbo la herufi C. Kabla hujagusa lensi kubwa umeshapata fununu.

Kumhamisha mmoja mmoja natumia unywele wa kope uliogundishwa kwenye kijiti cha kuchokonolea meno. Wanaonitembelea hucheka, mpaka wajaribu kwa sindano ya chuma na kumkata mnyoo vipande viwili. Mweke kwenye tone la maji juu ya slaidi, zungushia nta kidogo ili kioo cha juu kisimponde, ziba kingo kwa rangi ya kucha.

Hatua ya 4: Mdomo

Hapa ndipo penye kazi. Panda hadi mara 400, uulize swali moja: mdomoni kuna nini?

Kama hakuna kitu, ni tundu tu au kibomba, huyo anakula bakteria. Fuata umio kwenda nyuma: jamii ya Rhabditis wana tufe nyuma kabisa lenye vali ndani, na akiwa hai utaona linapigapiga. Shamba likitiwa samadi mbichi hao hufurika. Kwenye mchanga wetu mkavu utawakuta sana ndugu zao wa familia ya Cephalobidae, na kati yao yupo Acrobeles, ambaye midomo yake imepambwa vijitawi kama taji la manyoya. Ukimwona mara ya kwanza utamwita mwenzako aje atazame.

Kama kuna pango kubwa lenye jino nene ubavuni, huyo ni Mononchus au jamaa yake, mwindaji. Siku moja nilimkuta mmoja kwenye sahani amemshika mnyoo mwingine katikati. Alimkandamiza kwa midomo, jino likatoboa, vilivyomo vikaanza kuvutwa mpaka mwili wa yule ukabaki kama soksi. Mkulima mwenye hawa wengi asikimbilie dawa.

Kama kuna sindano, tulia. Sindano ni za aina mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ina vifundo vitatu kwenye kitako, kama vichwa vya pini vilivyobanana, na umio una tufe la kati lenye vali. Hiyo ni jamii ya Tylenchida, yenye wala mizizi wengi mashuhuri. Ya pili haina vifundo vya aina hiyo, ncha yake imekatwa mshazari kama sindano ya hospitali, na umio ni mwembamba mbele na mnene nyuma, bila tufe la kati. Hao ni Dorylaimida. Wengi wao wanakula chochote: mwani, kuvu, wanyama wadogo.

Ila miongoni mwa hao wa pili wamo Xiphinema na Longidorus, wenye sindano ndefu mno, wanaotoboa mizizi. Xiphinema ana mabawa madogo kwenye kitako cha shina la sindano, na pete inayoiongoza iko nyuma. Longidorus hana mabawa hayo, na pete yake iko mbele karibu na midomo. Kwa wakulima wa zabibu hili ni zito, kwa kuwa mwaka 1958 ilithibitishwa Marekani kwamba Xiphinema index ndiye anayebeba virusi vya "fanleaf" kwenye mizabibu, vinavyofanya jani liwe na umbo la upepeo. Lakini Xiphinema wana spishi zaidi ya 200. Kuona Xiphinema si kuona X. index, na ukitamka jina hilo mbele ya mkulima bila vipimo umemtia hofu bure.

Ukikuta vitabu vya zamani vinawaweka Tylenchida peke yao na vipya vinawaweka ndani ya Rhabditida, usishtuke. Vipimo vya vinasaba ndivyo vilivyopanga upya ukoo. Mdomo haukubadilika.

Hatua ya 5: Pacha wawili walionidanganya

Aphelenchus anakula kuvu. Pratylenchus anakula mizizi. Wote wana sindano, wote ni wafupi, mkia butu, tundu la uke liko karibu robo tatu ya mwili kutoka kichwani. Mwaka wangu wa kwanza niliandika Pratylenchus kwenye karatasi ya shamba la mahindi, nikashauri lilazwe msimu mzima. Mkubwa wangu wa kazi alirudia slaidi, akanisogezea hadubini bila kusema neno.

Tazama tufe la kati. La Aphelenchus ni kubwa, la pembe pembe, limejaza upana wa mwili. La Pratylenchus ni la mviringo na linaacha nafasi pande zote. Sindano ya Aphelenchus ni dhaifu, haina vifundo vya wazi. Ya Pratylenchus ni fupi, nene, na vifundo vyake utavitambua bila kukodoa macho, juu yake kichwa bapa kama kimepigwa nyundo.

Hatua ya 6: Vipimo

Pima urefu wote, upana mkubwa zaidi, urefu wa mkia, na umbali kutoka kichwani hadi tundu la uke. De Man, mtaalamu wa zamani wa nematodi, alituachia herufi zake: a ni urefu kugawa kwa upana, c ni urefu kugawa kwa mkia, V ni mahali pa uke kwa asilimia.

Tuseme una jike la Pratylenchus kutoka kwenye mizizi ya mtama: urefu maikromita 520, upana 20, mkia 30, uke kwenye 370, sindano 16. Hapo a ni 26, c ni 17.3, V ni 71. Ukihesabu pingili za midomo ukapata tatu, na madume huyaoni kabisa, unaelekea kwa P. zeae. P. brachyurus angekuwa na pingili mbili na V juu ya 80. Pima majike kumi, usipime mmoja. Watoto usiwape jina la spishi hata kidogo.

Hatua ya 7: Minyoo fundo

Mizizi ya nyanya yenye vinundu haihitaji hadubini kujua ni Meloidogyne. Kazi ni spishi. Udongoni utapata hasa watoto wa hatua ya pili, nyuzi nyembamba za nusu milimita au pungufu, na hao hawakufikishi mbali. Pasua kinundu, utoe jike, mweupe na mnene kama pea. Mkate sehemu ya nyuma kwenye tone la asidi laktiki asilimia 45, safisha yaliyomo kwa unywele, hamishia kwenye gliserini, usome mikunjo inayozunguka uke kama alama za kidole. M. incognita ana tao la juu, refu, la mraba kiasi. M. javanica ana mistari miwili ya ubavuni inayokatiza mikunjo waziwazi. M. hapla ana vidoto karibu na mkia. Kata majike wasiopungua kumi, maana shamba moja huweza kuwa na spishi mbili, na mikunjo mingine inakaa katikati ya zote. Ikikaa katikati, peleka kwenye vinasaba au uishie kwenye jenasi.

Karatasi ya mama wa Hombolo niliijaza hivi: "Mzabibu, kina sm 20 hadi 50. Katika mililita 100: Meloidogyne sp., watoto 140. Xiphinema sp., majike 3, si X. index kwa umbo la mkia. Mononchidae 6. Wala bakteria wengi." Nilipomsomea aliniuliza wale sita wanakula nini. Nikamwambia, wanawala wenzao.

"Basi hao waache," akasema.